Likizo ya Watoto, Msimu wa Kazi kwa Mama

(Mazungumzo ya Ofisi ya Miradi ya Dayosisi na wajumbe wa kamati za sharika, mbele ya wageni kutoka sharika rafiki za ng'ambo)





Tumeombwa kuzungumza juu ya mwanamke na uchumi wa kaya. Mada hii ikitajwa, wengi wetu tunafikiria vikundi vya kuweka na kukopa, mbuzi wa maziwa, kuku na bustani za mboga. Hayo ni mambo mema na yanaendelea. Leo tunaomba ruhusa yenu tuzungumzie jambo ambalo ni nadra kuliona kwenye andiko la mradi, ingawa kila mama aliyeko hapa analijua. Swali lenyewe ni fupi: shule ikifungwa, nani anabaki na watoto?

KALENDA MBILI ZINAZOGONGANA

Shule zetu za msingi hufungwa kwa likizo ndefu mara mbili kwa mwaka. Ya kwanza huanza mapema mwezi Juni na kuishia mapema Julai. Ya pili ni ya Desemba. Wageni wetu kutoka Ujerumani na Marekani wanaposikia likizo ya katikati ya mwaka, wanafikiria jua kali na watoto kucheza nje mpaka jioni. Huku kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Juni na Julai ni miezi ya kipupwe. Masika yamekwisha, ukungu unashuka asubuhi, na mtoto mdogo hatoki jikoni kwa sababu ndiko kwenye moto.

Miezi hiyo hiyo ndiyo kazi za mama zinapomfika shingoni. Maharage yanavunwa. Mahindi ya mashamba ya tambarare yanakauka, na mwenye shamba akichelewa, panya, ndege na wezi hawachelewi. Kuanzia Julai kahawa nayo inaanza kuchumwa, na kahawa haimsubiri mtu: ikiiva leo inachumwa, inamenywa, inaoshwa na kuanikwa. Mama anashuka tambarare kwa gari la kwanza na kurudi giza likiingia.

Kwa mama wa mjini hali haina nafuu kubwa. Muuguzi ana zamu zake, na wagonjwa hawaendi likizo. Mama lishe asipopika siku moja, wateja wanahamia kwa jirani. Mwenye kibanda cha mitumba analipa ushuru awe ameuza au hajauza.

Tukumbuke vilevile kwamba tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kutoa elimu bila malipo katika shule za umma, watoto wengi zaidi wanapelekwa shule mapema, wakiwemo wa darasa la awali. Kwa hiyo shule imekuwa zaidi ya mahali pa kusoma. Ni mahali ambapo mtoto yuko chini ya macho ya mtu mzima, na pale wazazi wanapochangia, anakunywa uji. Shule ikifungwa, masomo yanasimama, lakini na yale macho yanaondoka, na uji pia.

SIKU MOJA YA LIKIZO

Tumchukue mama mmoja wa mfano. Hatumtaji jina kwa kuwa yuko katika kila usharika. Ana watoto watatu: msichana wa miaka 9, mvulana wa miaka 6 na mdogo wao wa miaka 3. Anauza ndizi kwenye gulio.

Anaamka saa 10 alfajiri. Anawasha moto, anakamua ng'ombe, anampa majani, anachemsha chai, anafagia. Saa 12 mkungu wa ndizi uko kichwani na yuko njiani. Siku ya shule, wale wawili wakubwa wangekwenda darasani na mdogo angeachwa kwa bibi kwa saa chache. Siku ya likizo wote watatu wanabaki nyumbani, na bibi huyo huyo huenda ameshaletewa wajukuu wengine kutoka Dar es Salaam au Arusha, kwa sababu wazazi wa mjini nao wanatafuta pa kuwaweka watoto wao.

Hivyo basi anayebaki na nyumba ni yule msichana wa miaka 9. Anambeba mdogo wake mgongoni, anapasha kiporo, anachota maji, anafukuza kuku wasile mahindi yaliyoanikwa. Mama anarudi saa 11 jioni. Anatafuta majani ya ng'ombe, anapika, anaogesha watoto, anafua. Saa 4 usiku anapoweka ubavu chini, hesabu ya siku hiyo haina mahali pa kuandika kazi ya msichana wake.

Likizo ina maana ya kupumzika. Katika nyumba hii mama hajapumzika, na msichana hajapumzika. Shule ikifunguliwa Julai, mwalimu atamwona mtoto aliyechoka na kusema ni mzito wa kuelewa.

NANI ANALIPA GHARAMA

Tukifuatilia mzigo huu, mara nyingi tutaukuta kwenye mabega ya mtoto wa kike. Akiwa wa nyumbani, anakuwa yaya wa wadogo zake. Asipokuwepo, mama anaagiza mpwa au binti wa jirani kutoka kijijini "aje kushika mtoto." Mwezi Desemba jambo hili linazidi, kwa maana wasichana waliofanya mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba wako nyumbani wakisubiri kidato cha kwanza. Wapo wanaochukuliwa kwa ahadi ya mwezi mmoja tu, na Januari inawakuta bado jikoni kwa watu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliyefikisha umri huo anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Sheria hiyo hiyo inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kwa siku. Inampa pia mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28. Tunaipongeza sheria hii. Lakini muuza ndizi hana mwajiri wa kumwomba ruhusa. Hata muuguzi aliyeajiriwa, siku zake 28 hazitoshi likizo mbili za shule, na hachagui peke yake lini azichukue.

HATARI ZA NYUMBA ISIYO NA MTU MZIMA

Hatupendi kutisha watu, ila tuseme wazi. Mtoto wa miaka 3 hajui kuogopa. Kuna mafiga yenye moto na sufuria inayochemka. Kuna mifereji ya maji inayopita kwenye vihamba vyetu, mashimo ya maji na ndoo zilizojaa. Mtoto mdogo huzama hata kwenye maji machache. Kuna dawa za kahawa zilizowekwa kwenye chupa ya soda. Kuna jiko la mkaa linaloingizwa chumbani kwa ajili ya baridi, na mlango kufungwa. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Jambo hili litangazwe katika kila usharika kabla ya kipupwe: jiko la mkaa lisilale ndani na watu.

Na kuna hatari inayotembea kwa miguu miwili. Mtu mwenye nia mbaya anajua ni nyumba ipi mama hatarudi mpaka jioni. Tukiona au kushuku mtoto anadhulumiwa, namba ya simu 116 ni ya kusaidia watoto, na kuipiga ni bure.

MAJENGO YALIYOFUNGWA

Sasa tutazame tulichonacho. Karibu kila usharika una ukumbi au chumba cha shule ya Jumapili. Kina mabenchi, mara nyingi kina choo na bomba la maji karibu. Jumapili kinajaa watoto. Jumatatu hadi Ijumaa ya likizo kinafungwa kufuli, na funguo iko kwa mzee wa kanisa.

Wazo la kukifungua si geni. Wageni wetu kutoka Marekani wanaijua shule ya Biblia ya likizo, lakini huenda si wote wanaokumbuka ilivyokua. Mwaka 1901, katika jiji la New York, mchungaji wa Kibaptisti Robert Boville aliona mambo matatu yakikaa bure kila kiangazi: watoto wa maskini waliozagaa mitaani, makanisa yaliyofungwa, na wanafunzi wa vyuo walio likizoni. Akaona kwamba matatu hayo yanaweza kuondoleana upungufu. Wanafunzi wakafundisha, makanisa yakafunguliwa, watoto wakaingia. Hakuanza kwa kujenga.

Nasi tunayo matatu hayo. Watoto tunao. Ukumbi tunao. Na vijana tunao: Juni wako waliomaliza kidato cha sita mwezi Mei ambao hawajaitwa JKT, na Desemba wako waliomaliza kidato cha nne mwezi Novemba. Tuna jambo la nne ambalo New York huenda hawakuwa nalo kwa wingi kama sisi, nalo ni akina bibi wanaojua kulea.

USHARIKA MMOJA ULIOJARIBU

Juni iliyopita usharika mmoja wa dayosisi yetu ulijaribu kwa wiki mbili, bila fedha kutoka ofisi yetu. Tulikwenda kuona, na haya ndiyo tuliyojifunza.

La kwanza, funguo. Siku mbili watoto walisimama nje kwenye baridi kwa sababu mwenye funguo alikuwa msibani. Siku ya tatu ikatengenezwa ya pili. La pili, maji. Tangi lilikauka Alhamisi ya wiki ya kwanza, na akina baba wawili wakakubali kuleta madumu kwa pikipiki kila asubuhi. La tatu, wasichana. Waliletwa kwa sababu ya wadogo zao, wakaanza kuwabeba humo humo ukumbini. Bibi mmoja aliyekuwa akisimamia akawaambia waweke watoto chini, waende kucheza. Walichukua muda kuzoea. Siku ya nne walikuwa wanaruka kamba.

Akina mama waliotusimulia hawakuzungumza sana juu ya fedha. Mmoja alisema aliuza ndizi zake zote bila kukimbilia nyumbani kwa bei ya kutupa. Mwingine alisema alikaa gulioni na mawazo yake yakakaa naye huko. Sisi tunahesabu hayo kuwa ni maendeleo.

TUNACHOPENDEKEZA

Ndugu wajumbe, tunapendekeza kila kamati ijadili kufungua ukumbi wake kwa siku 20 za kazi katika likizo ya Juni, na baadaye ijipime kwa ajili ya Desemba. Mpango wenyewe ni huu:

1. Watoto wawe wa miaka 3 hadi 8, wasizidi 40 kwa kuanzia. Wachanga wanahitaji matunzo ya aina nyingine, hivyo wasipokelewe kabla hatujajiandaa.

2. Muda uwe saa 1 asubuhi hadi saa 10 jioni. Ukifunga saa 6 mchana, mama wa gulio hujamsaidia.

3. Wasimamizi wawe wanne: akina bibi au akina mama wawili wanaoaminika, wapewe posho, na vijana wawili. Mtoto asiachwe na mtu mzima mmoja peke yake. Jina la anayemleta na atakayemchukua liandikwe kwenye daftari, na asiyeandikwa asikabidhiwe mtoto, hata kama ni mjomba.

4. Kabla ya kuanza, kamati imwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na serikali ya kijiji au mtaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasimamia vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, na si vyema kanisa kusubiri kuulizwa. Afisa atueleze kinachotakiwa, nasi tukitimize.

5. Chakula kiwe uji saa 4 na makande saa 7. Tumepiga hesabu ya jikoni kwa watoto 40. Unga wa uji gramu 50 kwa mtoto ni kilo 2 kwa siku, yaani kilo 40 kwa siku 20. Mahindi ya makande gramu 100 kwa mtoto ni kilo 80. Maharage gramu 50 kwa mtoto ni kilo 40. Sukari gramu 15 kwa mtoto ni kilo 12. Usharika wenye kaya 200, kila kaya ikitoa kilo 1 ya mahindi na robo kilo ya maharage, utapata mahindi kilo 200 na maharage kilo 50. Chakula kinatosha na kubaki. Sukari na chumvi zitoke kwenye mnada wa mavuno wa Jumapili moja.

6. Watoto wacheze, waimbe, wasimuliwe hadithi, na walale mchana kwenye mikeka. Isigeuzwe kuwa masomo ya ziada. Mwezi Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kuanzia 2021/22 kwa ajili ya watoto hadi miaka 8. Programu hiyo inataja afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Mtoto aliyeshiba, aliye salama na anayecheza anajifunza.

7. Mlango uwe wazi kwa mtoto wa kila jirani. Tusiulize cheti cha ubatizo. Gulio ni moja, na mama wa Kiislamu anayeuza nyanya pembeni ya mama yetu ana watoto vilevile.

MASWALI TUNAYOYATEGEMEA

Wapo watakaosema, "Usharika si yaya." Tunaelewa hofu hiyo. Lakini usharika huo huo unamwomba mama huyu ahadi, sadaka ya jengo, mchango wa mkutano na zamu ya kupamba kanisa. Tukijua anachoweza kutoa, tujue pia anakitoa katika siku za namna gani.

Wapo watakaosema, "Akina mama wataacha watoto na kwenda zao." Kwa tuliyoyaona, waliwahi kuwachukua. Aidha, kila mama atoe mchango wake, hata kama ni kuni au mboga, ili huduma iwe yake.

Wengine watauliza baba yuko wapi. Swali hili ni zuri, na tunawarudishia akina baba mlioko hapa. Likizo ya watoto imekuwaje kuwa shida ya mtu mmoja katika nyumba yenye wazazi wawili? Kwenye mpango huu kuna maji ya kuleta, uzio wa kurekebisha, kuni za kupasua, na mtoto wa kushikwa mkono asubuhi na kupelekwa. Hakuna kazi hata moja kati ya hizo inayohitaji uwe mwanamke.

KWA MARAFIKI NA WAFADHILI

Wageni wetu wapendwa, mmezoea kutusikia tukiomba majengo. Safari hii hatuombi jengo. Chakula kitatoka kwetu na ukumbi upo. Yale ambayo sharika zetu zinayamudu kwa taabu ni matano: tangi la maji, choo chenye tundu dogo linalomfaa mtoto, mikeka na vyombo, sanduku la huduma ya kwanza, na mafunzo ya siku chache kwa wasimamizi juu ya usalama wa mtoto. Haya yakinunuliwa mara moja yanahudumia likizo nyingi, na Jumapili yanatumiwa na shule ya Jumapili.

Tunaomba jambo moja zaidi. Mtakapotuuliza matokeo, msituulize idadi ya watoto waliohudhuria tu. Tuulizeni wasichana wangapi wa miaka 9 na 10 walipata kucheza, na wangapi waliomaliza darasa la saba walifika kidato cha kwanza bila kupitia jikoni kwa mtu. Maswali yenu yakiwa hayo, na sisi tutaandika kumbukumbu zetu kwa namna hiyo.

Ndugu wajumbe, mtakapokutana kwenye kamati zenu mwezi huu, tunaomba agenda hii iwekwe mapema, isiwe katika mengineyo. Amueni mambo matatu: nani atakuwa na funguo mbili, bibi yupi ataombwa, na Jumapili ipi mnada utakuwa wa uji wa watoto. Mkishaamua, tuleteeni taarifa ofisini, nasi tutafuatana nanyi kwa afisa ustawi.